Vyungu vya Kiwanja cha Chini

Udongo uliotoka chini sana hunukia mvua hata kama mvua haijanyesha kwa miezi. Niliijua harufu hiyo nikiwa na miaka tisa, kiangazi kile walipokuja watu wa mambo ya kale kuchimba Kiwanja cha Chini, nyuma ya nyumba yetu Ujiji. Kiangazi chetu kina harufu zake za siku zote: dagaa walioanikwa mchangani, mawese yanayochemka, moshi wa nyasi zinazochomwa kwenye vilima upande wa Simbo, na vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye sukari. Asubuhi moja ikaongezeka harufu ile ya ubichi na ubaridi, ikatufikia mpaka uani kana kwamba mawingu yalipita tukiwa tumelala. Mama alikuwa anafagia. Alisimama na ufagio mkononi, akanusa, nami nikatazama juu kutafuta wingu. Yeye hakutazama juu. Alitazama kule kiwanjani, walikokuwa wamefunga kamba kwenye vigingi na kuanza kuchimba, kisha akaingia ndani akaacha takataka palepale katikati ya ua. Mama yangu hakuwa mtu wa kuacha takataka katikati ya ua. Mpaka leo nikipita mahali mafundi wanachimba msingi huwa nakaza mwendo, na watu ninaofuatana nao hudhani nina haraka.

Kiwanja cha Chini hakikuwa na mwenyewe. Kilikuwa kipana, kati ya nyumba za mtaa wetu na njia ya kwenda mwaloni, mashua zinakofikia, na hakuna aliyejenga pale kwa sababu ukichimba kidogo tu jembe linagonga vigae na mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yanayobaki watu wakiyeyusha chuma. Wanawake walilima muhogo kwenye sehemu zenye udongo laini, hadi ng'ambo ya mpera mmoja uliosimama katikati. Mara nyingine jembe lilitoa chungu kizima, kidogo, chenye mistari shingoni iliyochorwa kwa ncha ya kijiti, na aliyekipata alikipeleka nyumbani akakifanya cha kunyweshea kuku au cha kuwekea chumvi. Sisi watoto tuliamini kwamba vyungu vinaota humo ardhini kama viazi. Hakuna mkubwa aliyejisumbua kutusahihisha, maana nao hawakujua vilitoka wapi. Ujiji tuliyofundishwa shuleni ilianza na misafara ya pembe na watumwa, na wazee wetu wengi waliletwa, au walijileta, na misafara hiyo kutoka ng'ambo, Kongo. Yaliyokuwapo kabla hayakuwa na mtu wa kuyasemea.

Mji ulitaka kujenga soko pale. Katika kupanga, mtu mmoja akakumbusha kwamba ardhi ile ina vitu vya zamani na kwamba ni lazima wataalamu wachimbe kwanza, watoe vya kutolewa, ndipo mafundi waingie. Wakaja kwa treni kutoka Dar es Salaam, vijana wa chuo na kiongozi wao, mama wa makamo mwenye kofia ya ukindu na sauti iliyokwaruzwa na vumbi la miaka mingi. Vijana walimwita Daktari. Habari kwamba kuna Daktari aliyeweka turubai Kiwanja cha Chini ilienea haraka kuliko maelezo ya kazi yake, na kesho yake alikuta wazee wamepanga foleni na magoti yao. Aliwaeleza kwa upole kwamba yeye anashughulika na watu waliokufa zamani sana. "Basi sisi tumekaribia, tutazame tu," mmoja akamjibu, na ikabidi atoe dawa ya kuchua aliyokuwa nayo mkobani. Tangu siku hiyo mtaa ulimpenda.

Kazi yao ilikuwa ya polepole kupita kiasi. Sisi tuliozoea kuona shimo la choo likichimbwa kutwa moja tulikaa pembeni ya kamba tukishangaa watu wazima wanavyouchuna udongo kwa mwiko wa fundi, wakaupiga brashi, wakaupitisha kwenye chekeche, na mwisho wa siku wamekwenda chini kiasi cha kiganja. Hata hivyo vitu vilitoka. Ilitoka sakafu ya udongo uliochomwa, yakatoka mafiga yaliyokaa bado kama yalivyoachwa, ushanga, mawe ya kusagia, tanuru dogo la chuma, na miiba ya samaki ambao Daktari alisema ni hawahawa tunaowala. Jioni moja alitukusanya, akatuambia kwamba hapo palikuwa na kijiji kikubwa miaka mia sita, pengine mia saba iliyopita. Mtaa ukachangamka. Waha wakasema hao ni babu zao na hakuna cha kujadili. Wenye asili ya Kongo wakauliza hao babu zao Waha walishuka lini kutoka milimani hata wakajua kula migebuka, samaki wa ziwani. Utani huo ulizunguka mwaloni wiki nzima, na baba yangu, aliyekuwa fundi wa karabai za wavuvi, alirudi nao kila jioni akitusimulia. Mama hakucheka. Yeye alitaka kujua jambo moja tu. "Wameshavuka mpera?" alimuuliza. Baba akasema hajaangalia, kwani kuna nini kwenye mpera.

Walipouvuka mpera walikuta vyungu vilivyofukiwa wima, midomo yake imefunikwa kwa vigae, na ndani yake mna mifupa midogo. Niliipata habari hiyo kisimani kutoka kwa wasichana wenzangu, nikaikimbiza nyumbani kama habari njema: Daktari amepata watoto wa kale! Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliulaza mchi chini, akakaa kando ya kinu na mikono yake ya kijani, akaniambia nikamwite Bibi Tausi. Nilimwona amekunja uso kama mtu aliyebanwa na tumbo, nikadhani anaumwa, maana Bibi Tausi ndiye aliyeitwa mtu akiumwa.

Niliyoyajua baadaye, kwa vipande vipande na kwa miaka mingi, nayaeleza hapa kwa mara moja. Bibi Tausi alikuwa mkunga wa mtaa wetu. Mtoto aliyetoka tumboni bila kulia hakuhesabiwa kwamba amezaliwa. Hakupewa jina, hakupewa sanda, hakuwekewa matanga, na mama yake hakuonyeshwa, kwa sababu ilisemwa kwamba akimwona atamtafuta maisha yake yote. Bibi Tausi alimfunga kwa majani ya mgomba, akamweka ndani ya chungu, akaenda kumfukia Kiwanja cha Chini peke yake, kisha akarudi kwa njia nyingine bila kugeuka nyuma. Chungu hakikutakiwa kuwa cha nyumbani. Chungu kilichowahi kukaa jikoni mwako kikifanya kazi ile, walisema, tumbo litazoea kupoteza watoto. Kilitakiwa chungu kisicho na mwenyewe, na vyungu visivyo na mwenyewe vilikuwa palepale chini ya muhogo, vizima na vya kutosha. Wanaume hawakujua, au walijua kama mtu anavyojua kuna kitu nyuma ya pazia na asifunue. Shehe angekuwa na maneno yake juu ya jambo lile, na ndiyo sababu halikufikishwa msikitini. Kwa hiyo wanawake wetu walivichukua vyungu vya watu wa kale wakidhani ni vya bure, na Daktari, alipokuta chungu cha miaka mia sita, akadhani aliyemo ndani naye ni wa miaka mia sita. Simlaumu mtu.

Mmoja wa watoto hao alikuwa wa mama. Ilikuwa kama miaka miwili kabla ya uchimbaji. Tumbo lake nilikuwa nimelizoea, nililala nimeliegemea, na siku moja nikarudi kutoka kwa shangazi nikakuta halipo na hakuna mtoto. Nikauliza. Bibi Tausi akaniambia mgeni alikuja na amerudi kwao. Sikuona ajabu, wageni wetu wengi walikuja na mashua na kurudi kwao. Mama hakutolewa arobaini, kwa kuwa arobaini ni ya aliyezaa. Baada ya siku chache alirudi shambani, kifua kimefungwa kitambaa kwa nguvu, na kitambaa kile kilikuwa kinalowa kila wakati. Nilimuuliza mbona unalowa, akasema jasho. Nilikubali, maana joto lilikuwepo kweli.

Wanawake walikutana uani kwetu wakijifanya wanamenya muhogo. Hawakunifukuza, labda kwa sababu mtoto wa kike anayemenya muhogo haonekani. Mama Shabani, jirani wa ukuta mmoja nasi, alikuwa na watatu kule, na ndiye aliyeanza kusema. Alisema tuwaache waitwe wa kale. "Kuna ubaya gani? Wamewapangusa vumbi, wamewalaza kwenye pamba. Sisi tuliwapa nini?" Mwingine, mdogo zaidi, aliweka kisu chini. Alisema Daktari akijua kwamba ni watoto wa juzi atawaita polisi, na polisi watasema wanawake wa Ujiji wanaua watoto. "Utasimama useme hakulia? Nani alisikia kwamba hakulia?" Kisha mama akasema, kwa sauti ndogo, kwamba vyungu vinapelekwa Dar es Salaam. "Hata sisi tungepelekwa tungekwenda," akasema mmoja, wakacheka kidogo, na hapo wakakubaliana kwamba hakuna atakayefungua mdomo. Bibi Tausi aliinuka akajifunga kanga, akasema maneno yamekwisha. Mama hakukubali wala hakukataa. Aliendelea kuumenya muhogo wake mpaka ukabaki mwembamba kama kidole, na mimi nikauchukua nikautia majini pamoja na mingine.

Alimwambia baba jioni ileile, baba akiwa amekaa kizingitini anafuta kioo cha karabai. Nilikuwa chumbani na mlango ni pazia. Baba aliacha kufuta. Akauliza, "Alikuwa wa kiume au wa kike?"

"Sikuonyeshwa."

"Miaka hii miwili sikukuuliza," baba akasema. "Niliona kama kukuuliza ni kukuchokoza."

Mama akamwambia kwamba anataka kwenda kusema, na kwamba wenzake hawataki. Baba alirudia kufuta kioo kilichokuwa safi tayari. Alisema wenzake watakasirika, na hasira yao atakula nayo sahani moja kwa siku nyingi, lakini kama anakwenda aende asubuhi, kabla masanduku hayajapigiliwa misumari. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yote ya baba juu ya mtoto wake. Niliwahi kumwona mwenye moyo mgumu kwa ajili hiyo. Sasa naona kwamba katika mtaa mzima ni yeye tu aliyeuliza alikuwa wa kiume au wa kike.

Asubuhi mama alivaa kanga mpya, akanishika mkono, kwa kuwa hapakuwa na mwanamke mwingine ambaye angefuatana naye. Chini ya turubai vyungu vinne vilikuwa juu ya meza, kila kimoja na kikaratasi chake. "Shikamoo, Daktari," mama akasema. "Marahaba, mwanangu, karibu." Mama akasema kwamba amekuja kwa sababu mmoja wa hawa ni wake. Daktari alidhani anadai chungu kilichotoka kwenye shamba lake la muhogo, akaanza kumweleza kwamba vitu vya kale ni vya serikali na haviwezi kuwa vya mtu. "Chungu sikitaki," mama akasema. "Nasema mtoto." Daktari aliiweka brashi mezani. Aliwaambia vijana wake waende wakanywe chai, akamvutia mama kiti, na mama akamweleza yote niliyoyaeleza hapa, majani ya mgomba, njia ya kurudia, tumbo kuzoea, bila kumtaja mwenzake hata mmoja. Alieleza akiwa anatazama mikono yake. Alipomaliza, Daktari alivua kofia akajifuta uso, na nilimwona amezeeka pale pale kwenye kiti. "Viwili hivi udongo wake ulikuwa laini," alisema akionyesha. "Niliona. Nikadhani fuko amepita." Kisha akauliza swali ambalo sisi hatukuwa tumeliwaza hata kidogo: ni yupi?

Mama hakujua. Angejuaje? Nikatumwa tena kwa Bibi Tausi, na Bibi Tausi akaja, kwa hasira, akipiga fimbo chini. Hakumsalimu mtu. Alivitazama vyungu kwa muda mfupi sana. "Mimi nikishafukia sigeuki," alisema. "Kazi yangu ndiyo hiyo, nisijue. Ningejua nani yuko wapi, ningepitaje pale kila siku kwenda ziwani?" Halafu akamgeukia mama akamwambia, "Umewaanika wenzio," akaondoka na fimbo yake. Nilikuwa nimemwogopa bibi yule tangu nipate akili. Siku hiyo nilimwona anatembea kwa shida kama mtu aliyejitwika mzigo, na kichwani hana kitu.

"Basi nipe wote wanne," mama akasema. Daktari akatikisa kichwa. Alisema baadhi yao huenda kweli ni wa kale, walizikwa na watu wa kale kwa vyungu vyao wenyewe, na mama akajibu kwamba hata hao watakuwa walizaliwa na mtu. Daktari hakubisha. Alisema lile lisilobishika, kwamba sheria haimruhusu kumpa mtu mfupa hata mmoja kabla haujapimwa, na vipimo haviko Kigoma wala haviko Dar es Salaam, vinafanywa nje ya nchi. Aliahidi kwamba vitapimwa, kwamba watakaoonekana ni wa juzi watarudishwa Ujiji, na kwamba hatamwambia polisi wala kuandika jina la mtu. Hilo la polisi alilitimiza. Mama akauliza itachukua muda gani. "Sijui, mwanangu," akasema. "Nikikwambia miezi nitakuwa nakudanganya." Nimelipenda jibu hilo siku zote, ingawa halikutusaidia.

Siku ya kuondoka walipakia masanduku kwenye gari la mizigo kwenda stesheni ya Kigoma. Mama alimwomba Daktari tupande, na tukapandishwa nyuma pamoja na mizigo. Njia nzima alikaa na lile sanduku lenye vyungu viwili vya udongo laini katikati ya miguu yake, mikono juu ya kifuniko, na gari liliporuka kwenye mashimo alilikumbatia. Watu walipita na baiskeli zao za mawese, wakatupungia. Stesheni palikuwa na purukushani ya kawaida, magunia ya dagaa, madumu, watu wanagombea madirisha. Masanduku yalipokuwa yanaingizwa, mama alimvuta Daktari kando akampa kanga, jozi nzima, ambayo haijakatwa. Hakuhitaji kueleza sana. Aliyelia ndiye aliyepewa nguo, na yule wa kwake alikwenda na majani. Daktari aliichukua kwa mikono miwili. Aliingia behewani, na kupitia dirishani tulimwona anaikunjua, anaitandaza juu ya sanduku, anazichomeka pembe zake chini kama unavyomfunika mtu aliyelala. Mama alilia hapo, kwa sauti, mbele ya wabeba mizigo na wauza mayai. Mwanamke mmoja wa Kiha aliyekuwa anauza ndizi alimuuliza amemsindikiza nani, na mama akasema mwanangu. Yule mama akampa ndizi, akamwambia watoto wanaokwenda Dar es Salaam hurudi.

Hasira ya wenzake aliila kama baba alivyosema. Hakuitwa kumenya muhogo kwa mtu, hakuitwa kwenye mapishi ya arusi, na alipofika kisimani mazungumzo yaligeuka kuwa ya bei ya sabuni. Iliendelea hivyo mpaka mvua zikaanza na kuisha. Kisha jioni moja Mama Shabani alikuja kuomba moto, na jiko lake nililiona mwenyewe linawaka. Alisimama mlangoni na kaa lake kwenye kifuu, akauliza, kana kwamba amekumbuka njiani, kama jibu limefika. Mama akasema bado. Baada ya hapo wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake ya kuja, chumvi, sindano, dawa ya mtoto, na kila mmoja kabla ya kuondoka aliuliza lilelile. Wengine sikuwa nimewahi kuwadhania. Hata Bibi Tausi, mwaka aliokufa, alimtuma mjukuu wake aje aulize.

Jibu halikufika. Daktari alituma salamu mara mbili, kwamba vipande vimepelekwa, kwamba fedha za kazi zimekwama, kisha alistaafu, na mwishowe tukasikia amefariki. Nilipokua nikaipokea kazi ya kuulizia, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma mpaka nikawa mwalimu. Nimepiga simu, nimekaa kwenye mabenchi, nimekwenda Dar es Salaam kwa shughuli zangu nikaacha shughuli zangu. Naambiwa mwenye kuhusika yuko safarini. Vitu vya Ujiji vilihamishwa stoo. Wiki ijayo, mwalimu. Vijana ninaokutana nao ofisini siku hizi walikuwa hawajazaliwa kiangazi kile, ni wapole, wananiletea maji ya kunywa, na nikiwaeleza ninachokitafuta wananitazama kwa huruma, na kwenye huruma yao hamna msaada wowote. Nimechoka. Kuna miezi inayopita sipigi simu hata moja, na mama hanisemi.

Soko lilijengwa. Ni soko zuri, lina paa na mifereji, na mpera haupo. Watu wa nje ya Ujiji ninaowasimulia haya huniuliza mama anawezaje kununua vitu pale. Vitunguu viko hapo, atavinunua wapi? Anakwenda na kikapu chake, anabishana bei na watoto wa wanawake walewale, anarudi. Wajukuu wake hawaamini nikiwaambia chini ya meza za dagaa paliwahi kuwa na mji uliokuwepo kabla ya mji. Wanauliza kama kuna picha.

Mwaka jana nilijifungua hospitali, Kigoma, mtoto ambaye hakulia. Nesi, msichana mdogo tu, alimsafisha, akamfunga kwa kitenge nilichokwenda nacho, akaniuliza jina lake. Mume wangu akalitaja, akaulizwa kama tutazika wenyewe, akasema ndiyo, na mchana ule wanaume walikuwa wamekwisha chimba kaburi. Nikilinganisha na yale ya utotoni mwangu, haya ni bora. Sina nguvu ya kuyasifu, na maziwa yalikuja vilevile na kitambaa kililowa vilevile, lakini mwanangu ana jina na najua alipolala, na hakuna atakayeniambia alikuwa mgeni.

Kabla hawajamchukua mama alifika kutoka Ujiji. Alisimama mlangoni mwa wodi, akamuuliza nesi kama inaruhusiwa kumwona. Nesi hakuelewa kwa nini anaulizwa. "Ni mjukuu wako, Bibi, mchukue," alimwambia, akamweka mikononi mwake. Mama alikaa kwenye kiti cha chuma, akakifungua kitenge polepole, uso kwanza, kisha kifua, kisha mikono. Nilingoja anipe pole, kama mama wa mtu anavyotoa pole. Hakunitazama. Alikuwa ameshika kiganja kile kidogo, anavikunjua vidole kimoja kimoja, anavisogeza karibu na macho yake yasiyoona vizuri siku hizi.

"Kumbe wanakuwa na kucha," alisema.